Daftari la Nyumbani na Madeni ya Januari

Kathonzweni ni sehemu kavu iliyo mashariki ya mji wa Wote, katika Kaunti ya Makueni. Mtu anayefika huko mwezi wa Januari huona magunia ya ndengu yamepangwa mbele ya maduka, na wanunuzi wamekaa na mizani zao wakiwangoja wakulima. Huona pia watoto waliovaa sare wakipanda magari na masanduku yao ya bati. Mambo hayo mawili hutokea katika majuma yale yale, na hapo ndipo ianzapo shida ya wazazi wengi.

Ndengu hupandwa mvua za mwezi wa Oktoba na Novemba zinapoanza, yaani zile mvua ambazo Wakamba wa nchi za chini huzitegemea kuliko za Machi. Zao hili hukomaa kwa muda wa miezi miwili au kupita kidogo, kwa hiyo huvunwa wakati shule zinapofunguliwa. Kila mzazi huhitaji fedha siku ile ile, basi kila mzazi huuza siku ile ile. Mnunuzi anajua jambo hilo vizuri, naye hana haraka. Akitaja bei ndogo hapana atakayembishia, kwa maana mkulima aliye mbele yake ana barua ya shule mfukoni. Miezi michache baadaye ndengu zile zile hupanda bei, lakini wakati huo ziko katika ghala la mtu mwingine.

Aliyekosa ndengu za kutosha hukopa, na hapo yafaa msomaji akae na kalamu mkononi.

Na achukuliwe kwa mfano baba mmoja mwenye watoto wanne, ambaye mkubwa wao yuko katika shule ya sekondari ya bweni. Mwezi wa Desemba unapoanza, baba huyu na mkewe wanaketi jioni na daftari la shule lililobaki kurasa, nao wanaandika kila deni walilo nalo. Jambo hili si rahisi kama lisikiavyo. Wako waume wengi ambao wake zao hawajui deni la mkopeshaji wa sokoni, na wako wake ambao hawajataja deni la kikundi. Katika mfano huu mke ndiye aanzaye. Anasema, “Baba watoto, mimi nadaiwa dukani Sh. 3,800/-. Sasa nawe useme yako.” Mume anakaa kimya kidogo, kisha anasema.

Orodha yao ni hii. Dukani Sh. 3,800/-. Mkopo wa simu Sh. 6,000/-. Mkopeshaji wa sokoni, ambaye watu humwita shailoki, Sh. 10,000/-. Chama cha ushirika cha akiba na mikopo, yaani Sacco, Sh. 30,000/-. Tena kuna salio la ada ya muhula wa kwanza, Sh. 14,000/-, litakalotakiwa Januari. Jumla ni Sh. 63,800/-. Mume anaona kwamba deni linalotisha ni lile la Sacco kwa kuwa ni kubwa kuliko yote. Wazazi wengi hudhani hivyo, nao hukosea.

Ukubwa wa deni ni jambo moja, na gharama yake ni jambo la pili. Sacco nyingi hutoza riba ya 12 kwa mia kwa mwaka, ndiyo 1 kwa mia kila mwezi kwa fedha zilizosalia. Basi deni la Sh. 30,000/- hugharimu Sh. 300/- kwa mwezi, na kiasi hicho hupungua kadiri deni linavyolipwa. Mikopo ya simu huhesabiwa kwa njia nyingine. M-Shwari, iliyoanza mwezi wa Novemba mwaka 2012, iliweka gharama ya 7.5 kwa mia kwa mkopo wa siku 30. Mtu asikiapo “saba na nusu” kwa simu na “kumi na mbili” kwa Sacco, hukimbilia simu. Lakini ile saba na nusu ni ya mwezi mmoja, na ile kumi na mbili ni ya mwaka mzima. Aliyekopa Sh. 6,000/- hulipa Sh. 450/-, na kama kila mwezi hulipa na kukopa tena siku hiyo hiyo, kama wafanyavyo wengi, kwa mwaka atakuwa ametoa Sh. 5,400/- huku zile Sh. 6,000/- akidaiwa bado.

Shailoki naye, tuseme hutoza 20 kwa mia kwa mwezi. Deni la Sh. 10,000/- linakula Sh. 2,000/- kila mwezi. Kwa jumla nyumba hii inatoa Sh. 2,750/- kwa mwezi kwa ajili ya riba tu, na hali ikiendelea hivyo ni Sh. 33,000/- kwa mwaka. Mwaka 2023 ada iliyoruhusiwa na Wizara ya Elimu kwa shule nyingi za bweni zilizo nje ya miji mikubwa ilikuwa Sh. 40,535/-. Kwa maneno mengine, baba huyu anasomesha mtoto mmoja nyumbani kwake na karibu kumsomesha mwingine nyumbani kwa shailoki.

Kwa hiyo deni la kulipwa kwanza ni lile linalokula upesi, hata kama ni dogo. Shailoki hutangulia, kisha simu. Sacco hulipwa polepole kama ilivyoandikwa katika mapatano. Hapa pana onyo: malipo ya Sacco yasirukwe hata mwezi mmoja, kwa maana nyuma ya mkopo ule wamesimama wadhamini, nao ni jirani na shemeji, na akiba zao hushikwa mdaiwa anaposhindwa. Madeni ya namna hiyo yamewahi kuvunja undugu ambao ukame haukuuvunja.

Karani mwenye mshahara yu katika hali nyingine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yote ya mshahara kupita theluthi mbili, ili mtu asirudi nyumbani mikono mitupu. Lakini makarani wengi wakishafika kwenye mpaka huo hukopa nje ya hati ya mshahara, mahali ambapo sheria hiyo haiwafikii. Serikali nayo ilianzisha Hazina ya Hustler mwezi wa Novemba mwaka 2022 kwa riba ya 8 kwa mia kwa mwaka, na hiyo ni riba nafuu. Ila mkopo wake wa mtu binafsi ulikuwa wa siku 14, na ada ya shule haipatikani kwa siku 14. Tena, tangu kanuni za mwaka 2022 zilizowaweka wakopeshaji wa simu chini ya Benki Kuu, si halali kwao kuwapigia simu jamaa za mdaiwa ili kumwaibisha. Mzazi anayetishwa hivyo ajue kwamba ana pa kupeleka malalamiko.

Sasa kuhusu matumizi. Maneno ya kubana matumizi mara nyingi huelekezwa kwa akina mama, kana kwamba fedha hupotelea jikoni tu. Mama huambiwa apunguze sukari, na anayemwambia ametoka kunywa chupa tatu za bia, au ameweka Sh. 200/- katika kamari ya mpira kwa simu. Katika daftari la nyumba hii kila mmoja aliandika matumizi yake kwa juma zima, bila kuulizwa sana. Mume ndiye aliyeshtuka zaidi. Nauli za pikipiki kwenda sokoni mahali anapoweza kwenda kwa miguu, vocha za simu, na “kitu kidogo” cha jioni vilipita gharama ya unga.

Hata hivyo jikoni pia pana nafasi. Muthokoi ni chakula ambacho Wakamba wamekijua tangu zamani: mahindi hutwangwa kwa kinu mpaka ganda litoke, kisha hupikwa pamoja na kunde, mbaazi au maharagwe. Hakuna fedha ya kinu cha mashine, na chakula hukaa tumboni. Siku hizi wako vijana wanaokiona kuwa chakula cha kijijini, lakini hoteli za Nairobi zinakiuza kwa bei nzuri. Nyumba inayopika muthokoi mara tatu kwa juma hununua unga wa pakiti mara chache. Maji nayo ni gharama kubwa miezi ya kiangazi, yanaponunuliwa kwa mtungi. Mfereji wa bati uliofungwa vizuri kwenye paa, na tangi hata dogo, hurudisha fedha zake kwa misimu michache. Kazi ya palizi na ya kuchimba matuta ya fanya juu inaweza kufanywa kwa mwethya, yaani majirani kulimiana kwa zamu, badala ya kulipa vibarua.

Yako matumizi yasiyofaa kupunguzwa. Mbegu njema ni moja. Chakula cha mchana cha mtoto wa shule ya kutwa ni la pili, kwa maana Serikali ikilipa gharama ya masomo yake, nayo mwaka 2018 iliwekwa kuwa Sh. 22,244/- kwa mwanafunzi kwa mwaka, mtoto mwenye njaa hatafaidi chochote katika fedha hizo.

Jambo jingine ni kubwa kuliko haya. Mtu mwenye deni hushawishika kuuza chakula chote ghalani ili awe huru. Wazee wa Ukambani watamkumbusha njaa ya mwaka 1984, iliyoitwa Nikw'a Ngwete, maana yake “Nafa nikiwa nimeshika”. Walichokuwa wameshika ni fedha. Fedha zilikuwapo mikononi mwa watu, lakini chakula cha kununua hakikuonekana. Katika nchi ambayo mvua hukosa mara kwa mara, gunia la nafaka ghalani ni akiba isiyopungua thamani, ila lihifadhiwe. Wadudu ndio wanaowalazimisha wengi kuuza upesi, maana ndengu na kunde hutobolewa kwa majuma machache tu. Siku hizi iko mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa; nafaka ikikaushwa barabara na mfuko ukafungwa vyema, wadudu hufa kwa kukosa pumzi, bila dawa. Bei ya mfuko huo ni kubwa kuliko ya gunia la kawaida, lakini hutumika tena msimu ujao ukitunzwa usitoboke.

Turudi kwa baba wa mfano wetu. Nyumba yake ina mbuzi tisa. Yeye alitaka kuwauza Januari pamoja na ndengu, kama alivyofanya kila mwaka. Mkewe akasema wauzwe watatu kabla ya Krismasi, wakati watu wa Nairobi na Mombasa wanaporudi nyumbani na kila boma lataka nyama. Januari hao hao wote wamekwisha fedha. Hapo palikuwa na maneno kidogo, kwa kuwa baba alimpenda sana dume mmoja aliyekuwa miongoni mwa hao watatu. Mkamba tangu zamani huweka akiba yake katika mifugo, na mwaka 1938 Serikali ya kikoloni ilipotaka kuwapunguzia Wakamba ng'ombe kwa nguvu, Muindi Mbingu aliwaongoza watu kwa maelfu mpaka Nairobi kuipinga. Lakini kuuza kwa amri ya mtu mwingine na kuuza kwa hesabu yako mwenyewe ni mambo mawili mbalimbali. Dume aliuzwa.

Tuseme kila mbuzi alileta Sh. 6,000/-, jumla Sh. 18,000/-. Shailoki alilipwa deni lake na riba ya mwezi, Sh. 12,000/-. Simu ililipwa Sh. 6,450/-. Zikapungua Sh. 450/-, nazo zikatoka kwa jogoo mmoja, na chenji ikanunua chumvi na sabuni. Kuanzia siku hiyo riba ya nyumba ile ilishuka kutoka Sh. 2,750/- kwa mwezi hadi Sh. 300/-. Baba alifuta namba ya shailoki katika simu yake.

Januari walivuna magunia manne ya ndengu ya kilo 90. Mawili yaliuzwa kwa Sh. 70/- kilo, yakaleta Sh. 12,600/-. La tatu lilitiwa katika mifuko ya tabaka tatu kungojea bei ya baadaye, na la nne likabaki kwa chakula na mbegu. Mama hakungoja mtoto arudishwe kutoka shuleni. Alikwenda kwa mhasibu wa shule siku mbili kabla ya kufunguliwa, akalipa zile Sh. 12,600/-, akatoa barua ya kuahidi Sh. 1,400/- zilizosalia, atakazolipa zamu yake ya kikundi cha akina mama itakapofika Februari. Alichukua risiti, akaibandika katika daftari. Mzazi anayekuja mwenyewe mapema na barua mkononi husikilizwa kuliko yule anayetafutwa.

Mwenye duka naye alionyeshwa mstari wake, akakubali kulipwa Sh. 500/- kila mwisho wa mwezi kuanzia Januari. Hakutoza riba, maana kwake mteja anayelipa kidogo kidogo ni bora kuliko mteja anayepita njia ya nyuma ili asionekane. Kwa hesabu hiyo Sh. 300/- za mwisho huangukia mwezi wa Agosti, mbaazi zinapokuwa zimekauka shambani.