Je, Kupunguza Kodi na Kumwaga Fedha za Serikali Huleta Ajira?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

Tumepokea suali kutoka kwa mama mmoja wa Pemba. Kijana wake amemaliza chuo kikuu na huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani. Kila akifungua redio anasikia kuwa wawekezaji wamesamehewa kodi ili vijana wapate kazi, na kwamba serikali inatia mabilioni katika miradi ili vijana wapate kazi. Yeye mwenyewe anauza mandazi na samaki wa kukaanga, na ushuru wake analipa. Anauliza: maneno hayo ni kweli? Inajuzu kiongozi kumsamehe tajiri na kumtoza yeye? Na je, akiuliza hayo mbele za watu, atakuwa analeta fitna?

Suali la pili halijibiki kabla ya la kwanza, kwa vile hukumu yake imesimama juu ya ukweli wa lile la kwanza. Wasomaji waliozoea fatwa fupi watuvumilie.

Tuanze na dirhamu mbili. Mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba. Akaulizwa kama nyumbani kwake hamna kitu. Akasema lipo tandiko, upande wanajifunika na upande wanalalia, na lipo bakuli la kunywea maji. Mtume (s.a.w.) akavinadi vitu vile, vikafika dirhamu mbili. Akamwamrisha kwa moja anunue chakula awapelekee watu wake, na kwa ya pili anunue shoka. Shoka akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma kukata kuni na kuuza, na asimuone kwa siku 15. Mtu yule alirudi na dirhamu 10. Kaipokea Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik, na ijapokuwa baadhi ya wanavyuoni wana maneno katika isnadi yake, wengi wameitaja katika mlango wa kuhimiza kazi.

Tazameni mgawanyo ule. Dirhamu ya chakula haikuleta kazi, lakini bila ya hiyo angeliuza shoka siku ya pili ili watoto wale. Dirhamu ya shoka ilileta kazi kwa sababu mikono yake haikuwa na shughuli, kuni zilikuwapo, na mjini kulikuwa na wanunuzi. Lau angekuwa tayari na mashoka matano na hana mteja, shoka la sita lisingemuongezea chochote. Basi kila mnaposikia kodi imepunguzwa au fedha zimetolewa, ulizeni: imemfikia asiye na shoka, au mwenye mashoka matano?

Waislamu tunayo fakhari ya Ibn Khaldun katika mlango huu. Alizaliwa Tunis mwaka 1332, na katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377 alieleza kuwa dola ikiwa changa huchukua kidogo, watu wakapata hamu ya kufanya kazi, na hazina ikajaa. Ikizeeka hupandisha viwango kwa ajili ya anasa zake, hata watu wakakata tamaa, na hazina ikapungua juu ya viwango vyote hivyo. Mwaka 1981 Rais Ronald Reagan wa Marekani alimtaja mbele ya waandishi wa habari alipokuwa akitetea kupunguza kodi. Wengi wetu tulifurahi kusikia jina lile kutoka kinywa kile. Ila Reagan alichukua mlango mmoja tu. Katika mlango mwengine Ibn Khaldun anaeleza kuwa dola yenyewe ndiyo soko kubwa kuliko yote: mtawala akizuia mali, masoko hudorora, na kodi hupungua pamoja nayo. Kwa hivyo hakuwa upande wa wanaopunguza wala wa wanaomwaga. Aliangalia mali inasimama wapi na inapita wapi.

Sisi wa visiwani ushahidi wake tunao mashambani. Kwa miaka mingi mkulima wa karafuu alilazimika kuiuzia ZSTC peke yake, kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo ya bei ya dunia. Haikuitwa kodi, lakini ilikuwa kodi, tena nzito. Matokeo yake wazee wanayakumbuka: mikarafuu iliachwa ikasongwa na magugu, na zilizochumwa zikavushwa usiku kwenda Kenya. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha bei na ikaweka msimamo wa kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Magendo yakapungua, mashamba yakapaliliwa, na msimu ukifika wachumaji wakatafutwa, na wa kuchambua vikonyo, na wa kuanika. Tuseme haki: karafuu ina misimu yake, mwaka huzaa sana na mwaka hugoma, na si kila pishi lililoongezeka liliongezwa na bei. Lakini hapa unafuu ulimfikia mtu ambaye kazi yake ilizuiwa na mzigo ule ule ulioondolewa. Shoka lilimfikia asiye nalo.

Sasa tutazame upande wa pili, na kwa hilo tutakwenda Marekani, kwa sababu huko mambo haya yamejaribiwa na kuhesabiwa zaidi. Mwaka 2004 ilipitishwa huko sheria ambayo jina lake lenyewe lilikuwa ni la kuleta ajira. Iliyaruhusu makampuni makubwa kurejesha nyumbani faida zao za nje kwa kodi ya asilimia 5.25 badala ya 35. Zilirudi zaidi ya dola bilioni 300. Watafiti walipofuatilia, hawakuona kuwa makampuni yale yaliongeza wafanyakazi wala mitambo kwa sababu ya unafuu ule. Sehemu kubwa ya fedha iliwarudia wenye hisa. Makampuni yale hayakuwa na uhaba wa fedha tangu mwanzo. Yalikuwa na mashoka matano.

Jimbo la Kansas nalo mwaka 2012 lilishusha kodi ya mapato, na kwa wenye biashara za aina fulani likaifuta kabisa kodi ya jimbo kwenye faida zao. Gavana Sam Brownback aliahidi neema. Kilichofuata ni kwamba hazina ya jimbo ilipungukiwa na mamia ya mamilioni ya dola, fedha za skuli zikabanwa, na ongezeko la ajira likabaki nyuma ya wastani wa nchi. Mwaka 2017 bunge la jimbo, ambalo wengi wake walikuwa wa chama chake mwenyewe, liliifuta sehemu kubwa ya sheria ile juu ya kura yake ya turufu.

Na kumwaga fedha je? Mwaka 2009, baada ya mabenki kuanguka, Marekani ilipitisha mpango wa dola bilioni 787. Karibu thuluthi yake ilikuwa punguzo la kodi, na zilizobaki zilikwenda kwa wasio na kazi, kwa majimbo ili yasifukuze walimu, na kwa barabara. Mwaka ule ule ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10, na wapinzani wakasema umefeli. Lakini ofisi ya bajeti ya bunge lao ilikadiria kuwa katikati ya mwaka 2010 walikuwapo watu baina ya milioni 1.4 na milioni 3.3 kazini ambao bila ya mpango ule wasingekuwapo. Sababu ni ile ya dirhamu mbili: viwanda vilikuwapo, watu walikuwapo, wanunuzi ndio waliopotea. (Fedha zile zilikopwa kwa riba, na hilo lina makala yake.)

Ila tusichukue dawa ya bara kubwa tukaimeza nzima visiwani. Dola iliyotolewa kule hununua mchele wa kule na saruji ya kule. Shilingi inayotolewa Unguja au Pemba hununua mchele wa Pakistani au Thailand, nayo ikapanda meli ikaondoka kabla haijapita mikono mitatu. Hoteli iliyosamehewa ushuru huleta vifaa vyake kutoka nje, na mboga zake aghalabu hutoka Bara. Kwa hivyo ajira yake ni ile iliyo ndani ya ukuta wake tu, isipokuwa ikifungwa na sharti la kununua kwa mkulima na mvuvi wa hapa. Hatusemi hoteli hazikuajiri. Zimeajiri, na wamo wanafunzi wetu. Tunasema msamaha wa kodi na ajira ni mambo mawili, na la kwanza haliliti la pili kwa jina tu.

Tukirudi kwenye sheria. Imam Shafii (r.a.) amekifananisha cheo cha kiongozi kwa raia na cheo cha msimamizi kwa yatima, na hapo mafakihi wakajenga kanuni kuwa hukumu zote za kiongozi juu ya raia zimefungwa na maslaha yao. Kila mmoja wetu anaijua hukumu ya msimamizi: deni la yatima hawezi kulisamehe kwa ukarimu wake, kwani mali si yake. Akilipunguza, iwe kuna faida ya wazi inayomrudia yatima. Basi msamaha wa kodi ni kusamehe deni la yatima. Unajuzu pale ambapo maslaha yake yamepimwa, yana muda maalumu, na ahadi ya aliyesamehewa inafuatiliwa. Ukitolewa bila ya kupimwa, au ukaendelea baada ya kujulikana kuwa haurudishi kitu, haujuzu, hata ukiwa umepigwa muhuri. Na kumtoza muuza mandazi ili kufidia pengo la msamaha kama huo ni dhulma juu ya dhulma.

Ama suali la tatu, katika Bukhari na Muslim imo khabari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi akisema hii ni yenu na hii nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) hakulimaliza jambo lile faraghani. Alipanda mimbari akalisema mbele ya watu, bila ya kumtaja mtu kwa jina. Basi mama huyu na amuulize mwakilishi wake, kwa adabu na mbele ya watu: msamaha huu umegharimu shilingi ngapi, umeahidi kazi ngapi, wangapi wa shehia zetu wamezipata, na unakwisha lini. Hilo si fitna. Ni msimamizi kuulizwa hesabu ya yatima.

Wallahu a'lam.