Sarafu za Kanada: Kasoro za Kiwandani na Mihuri Iliyochakaa

Sarafu za matumizi ya kila siku nchini Kanada hutengenezwa katika kiwanda cha Winnipeg, kilichofunguliwa mwaka 1976. Hutoka kwa mamilioni, na karibu zote zinafanana. Chache huponyoka ukaguzi zikiwa na kasoro, na hizo wakusanyaji huzinunua kwa bei inayozidi kwa mbali thamani iliyoandikwa juu yake. Ugumu ni kuzitambua, kwa sababu sarafu nyingi zenye sura ya ajabu hazikukosewa kiwandani. Ama zilipigwa na muhuri uliochoka, ama ziliharibiwa mikononi mwa watu.

Kazi huanza na ukanda mrefu wa chuma unaokatwa vipande vya duara. Vipande hivyo huinuliwa ukingo, kisha hutiwa tabaka za nikeli na shaba kwa umeme. Baada ya hapo kila kipande huingia katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa sura ya mtawala na mwingine wa picha ya upande wa pili, huku pete ya chuma ikikizunguka kisitanuke ovyo. Mihuri ikikutana, sarafu imekamilika.

Kila hatua ina makosa yake. Ukanda usiposogea vya kutosha, kisu hukata juu ya tundu la awali na kipande hutoka kimemegwa kama mwezi mchanga. Sarafu ya namna hiyo ina alama ambayo walaghai wengi huisahau: mkabala na sehemu iliyomegwa, ukingo mara nyingi huwa hafifu, kwa kuwa mashine ya kuinua ukingo ilikosa kitu cha kukandamiza upande wa pili. Mtu aliyekata sarafu kwa tupa nyumbani hawezi kuiga jambo hilo kirahisi. Kipande kikikaa vibaya kwenye pete, picha huangukia pembeni na sehemu iliyobaki hukaa tupu. Sarafu zilizopigwa pembeni huwa na bei nzuri zaidi zinapoonyesha mwaka.

Wakati mwingine mashine hufanya kazi yake vizuri, ila fundi amefunga muhuri usiostahili. Mwaka 1999 Kanada ilitoa sarafu mpya ya senti 25 kila mwezi kuaga karne. Kwa kuwa picha za mfululizo huo hazikuwa na thamani iliyoandikwa, maneno ya senti 25 yaliwekwa upande wa Malkia, mtawala wa wakati huo. Baadhi ya sarafu za Septemba na Novemba zilipigwa kwa muhuri wa Malkia usio na maneno hayo, zikatoka bila thamani yoyote iliyoandikwa. Kosa la kufunga muhuri linaweza pia kuwa dogo zaidi. Sarafu ya Kanada ikigeuzwa kutoka kushoto kwenda kulia, upande wa pili husimama wima. Ukionekana umeinama au kupinduka kichwa chini, muhuri mmoja ulizunguka ukiwa mashineni.

Muhuri wenyewe huchoka. Hupiga sarafu kwa malaki, na kila pigo hulazimisha chuma cha sarafu kitiririke kuelekea ukingoni. Mtiririko huo hukwaruza uso wa muhuri kidogo kidogo. Ukitumia kioo cha kukuzia mara kumi kwenye sarafu iliyopigwa na muhuri mzee, utaona michirizi myembamba ikielekea ukingoni, herufi zilizonenepa na kupoteza kona zake, na tarakimu za mwaka zikiwa na kivuli pembeni. Kivuli hicho ndicho kinachowapotosha wengi. Herufi rudufu za kweli hutokana na muhuri uliotengenezwa ukiwa na picha mbili zilizopishana. Kila mstari huwa na mwili wake na kona zake, na sarafu zote za muhuri huo huwa nazo mahali palepale. Kivuli cha uchakavu hakina kona, kimeyeyukia kwenye uwanja wa sarafu. Hakiongezi hata senti moja kwenye bei.

Muhuri ukizidi kuchoka hupasuka. Ufa wake huonekana kwenye sarafu kama uzi ulioinuka, si mfereji, kwa sababu chuma cha sarafu kiliingia ndani ya ufa. Kipande cha ukingoni kikibanduka kabisa, sarafu zinazofuata hutoka na kidonge kisicho na picha. Hicho hutafutwa sana.

Mafundi hujaribu kuongeza maisha ya muhuri kwa kuusugua, na hapo huweza kufuta sehemu ya picha. Mfano maarufu kuliko yote Kanada ni dola ya fedha ya 1955 inayoitwa Arnprior, kwa jina la mji wa Ontario ambako kampuni moja iliagiza dola 2,000. Kulia mwa mtumbwi ulio kwenye sarafu hiyo palipaswa kuwa na mistari ya maji; kwa sababu ya kusugua kupita kiasi, ulibaki mmoja na nusu. Kosa hilo la karakana limeandikwa katika orodha za wakusanyaji kama toleo linalojitegemea.

Kuanzia mwaka 2000 senti 5, 10 na 25 ziliacha kutegemea nikeli kama zamani, na senti 25 ya sasa ni feleji ya kawaida kwa asilimia 94, iliyofunikwa tabaka nyembamba. Mabadiliko hayo yalizaa kasoro mpya: tabaka zilizopasuka au kutoka malengelenge, na vipande vilivyopigwa bila kufunikwa, ambavyo ni vya kijivu na hushika kutu upesi. Yamezaa pia makosa ya kupima. Dola moja ya hadi 2011 ina gramu 7, lakini ya 2012 na baadaye ina 6.27 kwa sababu madini yalibadilishwa. Sarafu nyepesi ya 2012 si hitilafu.

Uharibifu wa mitaani ni sura nyingine. Sarafu ya dola mbili ilipotoka mwaka 1996, baadhi ya vitovu vyake vilichomoka, na watu wakaanza kuzigandisha na kuzigonga kwa nyundo ili vichomoke vingine. Senti 25 ya 2004 yenye ua jekundu, sarafu ya kwanza duniani ya matumizi ya kawaida kuwekwa rangi, huuzwa mara kwa mara ikiwa haina rangi, ingawa rangi hiyo inaweza kuondolewa na mtu yeyote mwenye subira. Mnunuzi asiyetaka kuibiwa aanze kwa kujiuliza kama kasoro hiyo ingeweza kutokea kati ya kisu, utiaji tabaka na muhuri. Jibu likiwa hapana, asilipe zaidi ya thamani iliyoandikwa juu ya sarafu.