Malengelenge ya mikono si kurogwa

Ndugu wazazi, mwezi huu hatuandiki juu ya malaria wala kipindupindu. Tunaandika juu ya mikono ya mzee mmoja.

Mzee huyu alikuwa mvuvi, tulikuwa naye safu moja hapa Kabezi. Figo zake ziliposhindwa kazi alihamia Bujumbura kwa binti yake, awe karibu na mashine ya kusafisha damu. Siku aliyokuja kutusalimia tulishtuka. Migongo ya mikono ina malengelenge yenye maji, mengine yamepasuka, ngozi inachubuka hata akigusa kamba. Nywele zimemwota mashavuni. Watu wakaanza: amerogwa, ni ukoma. Wengine walikataa kula naye ugali na ndagala sahani moja, na sisi walimu tulikuwemo, tuseme ukweli. Yeye mwenyewe alitaka kuacha mashine aende kwa mganga. Na mtu ambaye figo zake zimekufa akiacha mashine, hubakiwa na siku au wiki chache tu.

Kumbe ugonjwa una jina: porifiria ya ngozi. Mwili hutengeneza ile rangi nyekundu ya damu kwa hatua nyingi. Hatua moja ikikwama ndani ya ini, vitu viitwavyo porifirini hurundikana na kufika kwenye ngozi. Jua likivipiga, ngozi inaungua. Ndiyo maana mikono na uso huumia, tumbo halina kitu. Haiambukizi.

Kinachokwamisha ini mara nyingi ni chuma kilichozidi mwilini, pombe (urwarwa nayo ni pombe), UKIMWI, au kirusi cha homa ya ini C. Mzee alipopimwa alikutwa na hicho cha C. Hicho huambukiza, lakini kwa damu: sindano iliyotumika, wembe wa kuazimana. Si kwa sahani.

Sasa matibabu. Mtu mwenye figo nzima hutolewa damu kidogo kidogo ili chuma kipungue, au hupewa klorokwini kwa dozi ndogo sana, mara mbili kwa wiki. Dawa hiyo huondoa porifirini kwenye ini zitoke na mkojo. Lakini mgonjwa wa mashine mkojo hana, au ana kidogo! Kwake klorokwini haisaidii sana, na mashine ya kawaida nayo haizichuji vizuri. Kumtoa damu nyingi hawawezi pia, maana tayari damu yake ni pungufu. Basi madaktari husimamisha sindano za chuma, humpa sindano ya eritropoyetini inayousukuma mwili kutengeneza damu na kutumia chuma kilichopo, na wakitoa damu wanatoa kidogo mno. Hata kipimo ni tofauti: kwake hupimwa damu, mkojo hautoshi.

Tafadhali, usinunue klorokwini sokoni ukajitibu. Dozi ile ya zamani ya malaria inaweza kuliumiza sana ini la mgonjwa wa porifiria.

Kirusi chenyewe siku hizi kinapona. Zamani ilikuwa sindano za miezi mingi, watu wanateseka. Tangu 2013 zimetoka dawa mpya za kumeza, wiki 8 hadi 12, na zaidi ya watu 95 katika 100 wanapona. Mwaka 2017 zikaja glecaprevir na pibrentasvir pamoja, ambazo hutolewa na ini badala ya figo, kwa hiyo mgonjwa wa mashine anazimeza bila kupunguziwa dozi. Kabla ya kuanza apimwe homa ya ini B, maana ikiwepo inaweza kuamka.

Ngozi haiponi haraka, huchukua miezi. Wakati huo avae mikono mirefu, kofia na glavu za kitambaa. Mafuta ya kawaida ya kuzuia jua hayatoshi, mwanga huu hupita. Anika ndagala alfajiri au mwachie mwingine kazi hiyo.

Mzee ameanza vidonge, yuko wiki ya tano. Mashine hajaacha. Wale tuliokataa sahani yake tulikwenda kwa binti yake kumwomba radhi, akatucheka, akatuagiza tumletee mukeke safari ijayo.