Tusiwachagulie Vijana Shule kwa Kutazama Lango

Kila mwaka unapokaribia ukingoni, mjadala mmoja hurejea katika nyumba nyingi kuanzia Maua hadi Runyenjes. Baba huuliza kama fedha zitatosha. Mama huuliza kama mtoto atakuwa salama. Jirani, ambaye hakuna aliyemwomba ushauri, husema kwamba shule ya kibinafsi ndiyo yenye nidhamu, na kwamba ile ya umma iliyo kando ya barabara ni ya watoto wa wasiojiweza. Anayesahauliwa katika mashauri hayo yote ni kijana mwenyewe, ambaye ndiye atakayeketi katika dawati hilo na kula matunda ya uamuzi huo, yawe matamu au machungu.

Mjadala huu sasa umepata uzito mpya. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walifanya tathmini ya Gredi ya 9 mwaka wa 2025, wakaingia sekondari pevu Januari 2026 kwa mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, na ule wa sanaa na michezo. Zamani mzazi aliuliza, "Ni shule gani?" Leo inambidi aulize pia, "Shule hiyo inafundisha nini?"

Hebu tuanze na kinaya kimoja. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure Januari 2003, madarasa ya shule za umma yalifurika, na wazazi waliojiweza wakawahamishia watoto wao katika akademia. Lakini watoto hao walipofika darasa la nane, wazazi wale wale waligombea nafasi katika Meru School, Kaaga, Nkubu, Kangaru, Kyeni na Chogoria, ambazo zote ni shule za umma. Mwaka wa 2011, Serikali ilipotenga sehemu kubwa ya nafasi za shule za kitaifa kwa waliotoka shule za msingi za umma, wazazi wa akademia walilalamika kwa sauti kubwa. Kumbe basi hatuichukii shule ya umma. Tunachokikimbia ni shule ya umma isiyo na jina.

Kwa hiyo swali linalozikabili familia nyingi si kama mtoto aende Meru School au la. Nafasi huko ni chache. Swali ni kama kijana asiyepata nafasi hizo aende shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani, au apelekwe bweni la kibinafsi kwa karo ambayo familia italazimika kuitafuta kwa jasho. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, wengi wetu hukosea, kwa kuwa tunatazama lango na sare badala ya kutazama darasa na mfuko wetu.

Tuanze na mfuko. Tuchukue mfano wa mkulima wa chai wa Githongo au Rukuriri mwenye watoto watatu. Malipo yake ya kila mwezi ni madogo, na tegemeo lake kubwa ni bonasi, ambayo aghalabu hulipwa Oktoba. Lakini shule hufunguliwa Januari, na karo haingoji bonasi. Mkulima wa miraa wa Igembe naye anajua jinsi soko linavyoweza kufungwa usiku mmoja. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka wa 2014, na Somalia ikafunga mlango wake kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Wakulima wa muguka wa Mbeere walionja shubiri hiyo Mei 2024, kaunti kadhaa za Pwani zilipoipiga marufuku. Katika hali kama hizo, mwanafunzi wa shule ya gharama kubwa ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani, na mwezi mmoja nje ya darasa huweza kubatilisha faida yote ya darasa dogo na basi jipya.

Kwa upande wa umma, mwaka wa 2018 Serikali iliweka mchango wake kuwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na karo ya bweni katika shule za kitaifa ikawekwa kuwa shilingi 53,554. Mwanafunzi wa kutwa hakupaswa kulipa karo ya masomo hata kidogo, ingawa mzazi hugharimia sare na chakula cha mchana. Anayetaka kulinganisha asitazame muhula wa kwanza pekee. Ahesabu miaka mitatu ya sekondari pevu, kisha azidishe kwa idadi ya watoto alionao. Si haki kifungua mimba akasome kwa fahari, kisha wadogo zake wakose hata nauli.

Hata hivyo, nisije nikadhaniwa kuwa mpiga debe wa Serikali. Shule ya umma ina maradhi yake, na ni mengi. Sera ya kumpeleka sekondari kila aliyemaliza shule ya msingi, iliyoanza kutekelezwa kikamilifu mwaka wa 2018, ilijaza madarasa pasipo kuongeza walimu wa kutosha. Fedha za Serikali huchelewa, na mwaka wa 2025 Serikali yenyewe ilikiri mbele ya wabunge kwamba haina uwezo wa kulipa kiasi hicho chote. Mwishoni mwa Agosti 2024 walimu wa sekondari waligoma wakati muhula ulipokuwa ukifunguliwa, ilhali shule nyingi za kibinafsi ziliendelea na masomo. Mzazi mwenye mtoto anayehitaji uangalizi wa karibu, na mwenye kipato cha kuaminika, ana sababu halali ya kuichagua shule ya kibinafsi iliyo nzuri. Lakini akumbuke pia mwaka wa 2020, korona ilipozifunga shule zote. Mwalimu wa TSC aliendelea kulipwa, ilhali walimu wengi wa shule za kibinafsi walibaki bila mshahara, na baadhi ya shule hizo hazikufunguliwa tena.

Ama kuhusu usalama, tusidanganywe na jina la aina yoyote. Watu wa Meru hawajasahau usiku wa tarehe 13 Julai 1991, wasichana 19 walipopoteza maisha katika shule ya St. Kizito kule Tigania, na wengine wengi wakabakwa na wavulana wa shule hiyo hiyo. Hiyo ilikuwa shule ya umma. Septemba 2024 moto uliwaua wavulana 21 katika bweni la Hillside Endarasha kaunti ya Nyeri. Hiyo ilikuwa shule ya kibinafsi. Mlango wa bweni uliofungwa kwa nje hauulizi mwenye shule ni nani. Mzazi aingie bwenini, ahesabu vitanda na milango, aulize ni mtu mzima yupi hulala hapo.

Tena aulize mambo ambayo hayaandikwi kwenye bango. Kuna walimu wangapi wa fizikia, na wamekaa shuleni muda gani? Maabara inatumika, au hufunguliwa siku ya wageni tu? Mkondo anaoutaka kijana unafundishwa kweli? Wanafunzi wa alama za chini husaidiwa, au huondolewa kimyakimya ili wastani upande? Shule itakayoyajibu maswali haya bila kigugumizi ndiyo shule, iwe ya nani.

Kuna jambo jingine tunalolisahau. Shule nyingi za sekondari za kutwa katika milima na mabonde yetu zilizaliwa kwa harambee baada ya mwaka wa 1963. Bibi zetu walibeba mawe na mchanga, babu zetu wakauza mbuzi, ili mtoto wa jirani asome. Neno "umma" katika shule hizo lina maana ya jasho la watu. Mzazi mwenye sauti anapomwondoa mtoto wake, huondoka na sauti yake pia, na shule hubaki na wazazi wasiothubutu kumuuliza mwalimu mkuu fedha zimekwenda wapi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 imewapa wazazi viti sita katika bodi ya usimamizi. Viti hivyo vinahitaji watu wanaosoma hesabu na kuuliza maswali.

Kwa walimu, ombi langu ni moja: mwambieni mzazi ukweli kuhusu mtoto wake, hata kama ukweli huo utampeleka shule nyingine. Nanyi wanafunzi, msione haya kupita kijijini na sare ya kutwa. Taa ya nyumbani na mwalimu anayekujua kwa jina lako vimewafikisha wengi mbali. Mkiulizwa mnataka kusomea nini, jibuni waziwazi, na msiposhirikishwa, ombeni kwa heshima mshirikishwe.

Lango la shule hupakwa rangi kila Januari, ili sisi wazazi tulione. Kijana wetu atapita hapo mara moja tu, kisha ataishi na kilichoko ndani kwa miaka mitatu. Basi kabla ya kulipa, na tuingie ndani.