Mate ya Mnyama na Uponaji wa Jeraha: Ufafanuzi kwa Kurejelea Mbwa wa Vijijini Songea

Katika vijiji vya Songea, mkoani Ruvuma, mbwa hulinda mashamba ya mahindi dhidi ya nguruwe pori na ngedere, na si ajabu arudi alfajiri akiwa na jeraha. Hulala kivulini akalilamba. Mfugaji asiye na dawa karibu huona hiyo kuwa tiba ya kutosha. Makala haya yanaeleza msingi wa imani hiyo na mahali inapokomea.

Ulimi huondoa udongo na tishu zilizokufa, lakini kazi kubwa zaidi hufanywa na mate yenyewe. Ndani yake mna lisozaimu, kimeng'enya kilichobainishwa na Alexander Fleming mwaka 1922, ambacho huvunja kuta za seli za baadhi ya bakteria. Hart na Powell (1990) walionesha kwamba mate ya mbwa huua Escherichia coli na Streptococcus canis. Dhidi ya Staphylococcus, ambao ndio hasa huonekana katika maambukizi ya ngozi ya mbwa, nguvu yake ilikuwa ndogo.

Kuua bakteria, hata hivyo, si kufunga jeraha. Mwaka 1962 Stanley Cohen alitenga kutoka katika tezi za mate za panya protini inayochochea seli za ngozi kukua, na mwaka 1986 yeye na Rita Levi-Montalcini walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa uvumbuzi wa protini za aina hiyo. Panya walioondolewa tezi hizo, vidonda vyao hujifunga polepole zaidi. Matokeo hayo yasihamishiwe kwa mbwa kwa pupa, kwani tezi za panya dume zina protini hiyo kwa wingi usio wa kawaida. Kwa binadamu, kazi inayokaribiana na hiyo hufanywa na histatini.

Kulamba kupita kiasi hulifumua jeraha upya. Hilo ni dogo. Mate hayo hayo ndiyo yanayobeba virusi vya kichaa cha mbwa, navyo huweza kuwamo siku kadhaa kabla mbwa hajaonesha dalili yoyote. Kwa hiyo mbwa anayejilamba ni jambo moja, na mbwa anayelamba kidonda cha mtoto uani ni jambo jingine kabisa. Shirika la Afya Duniani huliweka tukio hilo la pili katika daraja la tatu la hatari, pamoja na kuumwa. Kidonda kioshwe kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe kupata chanjo bila kusubiri dalili, kwa sababu zikishajitokeza ugonjwa huo karibu kila mara huua.