MAFUNDI WANNE, WATATU WAMELALA!

Msomaji wangu, umeshawahi kula advansi ya mtu halafu kazi ikagoma? Basi yamenikuta.

Jumamosi moja nilikuwa na dili la harusi. Mdogo wake bwana harusi, kijana wa Temeke, aliniletea diski yenye nyimbo 600 za WAV. Alitaka MP3 kwenye flashi, wavuke nayo Unguja kwa boti ya jioni. "Saa 8 mchana nakuja, kaka. Usiniangushe." Nikamwambia ondoa shaka. Advansi yake nilishailipia kodi ya chumba, hata senti ya kurudisha sina.

WAV ni nene bwana! Dakika moja ya ubora wa CD inakula MB 10 hivi. Nyimbo 600 za dakika nne nne ni GB 24. Ukizibana kuwa MP3 ya kilobiti 192 kwa sekunde, zinashuka hadi GB 3 na nusu hivi.

Nikaanza saa 5:30 asubuhi. Kila wimbo sekunde 24. Nikapiga hesabu: saa nne nzima! Yaani nimalize saa 9:30, mtu keshanikunja shati. Jasho likanitoka.

Saa 6 akapita jirani yangu, dada mmoja anayesomea kompyuta. Akafungua kile kidirisha kinachoonyesha prosesa inavyofanya kazi, akacheka. "Kaka, prosesa yako ina viini vinne, inatumika asilimia 25 tu. Fundi mmoja anashona, watatu wamelala kibarazani!"

Nikauliza, kwa nini wote wasishike wimbo mmoja wamalize fasta? Akanielewesha. MP3 inakatwa vipande vidogo, kila kimoja kama sekunde 0.026. Kipande kinaweza kutumia nafasi iliyobaki kwenye vilivyotangulia, kwa hiyo wa nyuma lazima amsubiri wa mbele. Ndiyo maana programu nyingi za MP3 hushonesha wimbo mmoja kwa fundi mmoja. "Wimbo usiugawe," akasema, "gawa nyimbo."

Nyimbo 525 zilizobaki tukazipanga kwenye mafolda manne, tukafungua programu ileile mara nne, kila dirisha na folda lake. Asilimia 25 ikapanda hadi 100, feni ikalia kama mashine ya kusaga! Saa 7:10 kazi kwisha. Nikanakili kwenye flashi, nikapata na muda wa kula chipsi.

Siku hizi sihangaiki na mafolda. Programu kama foobar2000 inagawa yenyewe, kila kiini na wimbo wake. Lakini usidanganyike kwamba viini vinne ni mara nne kila siku. Diski ikiwa goigoi, mafundi wote wanasubiri kitambaa mlangoni. Na kama una wimbo mmoja tu, mara nyingi utausubiri vilevile.

Kompyuta za viini viwili ziliingia madukani mwaka 2005, na leo hata simu ya mfukoni ina viini kibao. Wewe unayelalamika mashine yako nzito, hebu chungulia kwanza wangapi wamelala.

Mteja alifika saa 8 kamili, akanikuta nimekaa nje nachokonoa meno. "Kaka, kumbe umemaliza zamani?" Nikamjibu kwa maringo, kazi ndogo tu hiyo.

Dada jirani alikuwa dirishani, anasikia. Soda yake nadaiwa mpaka leo. Tukutane wiki ijayo!