Nyoka hajatumwa, anafuata joto

Wadau, leo naongelea nyoka. Msikimbie kwanza!

Juzi hapa Kibakwe nilimkuta kifutu (wengine mnamwita moma au bafe) kajilaza kwenye jiwe kando ya njia, jua ndo linachomoza. Mchana hayupo. Jioni, yuleyule, palepale. Jirani akasema huyo katumwa na mtu. Jamani, hajatumwa. Kafuata joto.

Nyoka hajitengenezei joto mwilini kama sisi. Analipata kwenye jua, jiwe na udongo. Akipoa sana anakuwa mzito, na chakula tumboni hakisagiki, anaweza hata kukitapika. Joto likizidi anakufa. Kwa hiyo kazi yake ni kuhamahama.

Wanaofuga wanalijua hili. Yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayefugwa sana Ulaya na Marekani, upande mmoja wa boksi lake huwekwa nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili kama 25, na maficho pande zote mbili. Akishakula mara nyingi anahamia kwenye joto. Akiganda upande mmoja muda wote usidhani kaupenda. Angalia kipimajoto, na kama upande wa pili una pa kujificha, maana nyoka mwoga huchagua maficho hata kama joto haliko sawa.

Sasa Kibakwe ni boksi hilohilo, ila kubwa. Upande wa joto ni mawe, njia na ukuta wa tembe uliopigwa jua. Upande wa ubaridi ni rundo la kuni, matofali na chini ya kihenge, ambako na panya wapo. Jua likizama njia bado ina joto, na sisi ndo tunarudi bila tochi! Kifutu hakimbii, anategemea rangi yake. Unamkanyaga, anauma.

Si mchezo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka.

Kwa hiyo: tochi na viatu usiku. Kuni zikae mbali na ukuta, uzigonge kwa fimbo kabla ya kushika. Mtu akiumwa msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Mtulizeni, kiungo kisichezeshwe, awahishwe hospitali.

Na msiwakamate kwenda kuwafuga, sheria ya wanyamapori ya 2009 inataka kibali.

Ndugu zangu wa Mpwapwa, huko kwenu mnakutana nao saa ngapi?